Kuku wa jerk aliyeungua nje na kubaki mbichi ndani

SWALI: Habari za kazi. Wifi yangu anayeishi London ameniletea viungo vya jerk, vile vya Jamaika vya kuchomea nyama, chupa moja ya unga na nyingine ya rojo. Nilichukua kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu, nikamkata vipande vinne, nikampaka ule unga vijiko vitano vya chakula na chumvi kijiko kimoja cha chakula kama ninavyofanya siku zote kwa kuku wa kuchoma. Nikamwacha saa moja, nikamweka juu ya jiko la mkaa. Dakika kumi na tano tu akawa mweusi tii, mchungu, chumvi imezidi, na pajani karibu na mfupa bado kuna damu. Lebo inasema kila gramu 100 zina chumvi gramu 35 na sukari gramu 22. Nimekosea wapi? Na chupa zikiisha, ninaweza kujitengenezea kwa viungo vya sokoni? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, viungo vyako havina kasoro. Kwa jinsi ulivyoeleza, kuku huyo alitiwa chumvi mara mbili, akawekwa kwenye moto wa mishikaki, na akapewa saa moja pale alipohitaji usiku mzima. Yote hayo yanarekebishika bila kununua kitu kipya, basi tuanze nayo. Habari ya kujitengenezea itafuata, na kwa mtu aliyeko Tanga hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Kuhusu chumvi, lebo uliyoisoma ilikuwa na jibu tayari. Kijiko cha chakula cha unga wa viungo kina gramu 8 hivi, kwa hiyo vijiko vitano ni gramu 40. Kama kila gramu 100 zina chumvi gramu 35, hapo umeshatia gramu 14. Kijiko cha chakula cha chumvi laini nacho ni gramu 18. Jumla gramu 32. Kuku wa kilo 1.5 pamoja na mifupa yake anatosheka na gramu 18, yaani gramu 12 kwa kila kilo. Ndiyo maana hakulika. Safari nyingine tia vijiko vyako vitano vya unga na chumvi ya ziada isiyozidi robo tatu ya kijiko cha chai, au usiongeze kabisa. Aliyepungukiwa ataongeza mezani.

Hesabu hii ifanye kwa kila chupa mpya, maana hazilingani hata kidogo. Chukua gramu za chumvi unazotaka, zidisha kwa 100, gawanya kwa namba ya kwenye lebo. Kwako wewe ni 18 mara 100 gawanya kwa 35, unapata 51: gramu 51 za unga huo zina chumvi yote ambayo kuku wako anahitaji. Chupa za Marekani haziandiki chumvi, huandika sodiamu kwa miligramu, tena kwa kipimo kidogo sana, mara nyingi robo kijiko cha chai. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Tazama pia mpangilio wa majina ya viambato, kwa sababu huorodheshwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Ukikuta chumvi au sukari ndiyo ya kwanza, ujue umenunua chumvi yenye harufu nzuri. Inafaa kutumika, ila ndiyo itakayokuamulia kiasi cha viungo, si ulimi wako.

Uchungu ni habari nyingine. Gramu 40 za unga wako zilibeba sukari gramu 9 hivi, na yote ilikuwa juu ya ngozi. Sukari huanza kugeuka rangi na kuwa tamu-chungu kwenye nyuzijoto 160 hadi 170 za Selsiasi. Ukizidisha kidogo hapo inakuwa masizi. Wavu ulio karibu na mkaa uliokolea hupita nyuzijoto 250 bila shida. Thaimu kavu na unga wa kitunguu saumu huungua pia, na kitunguu saumu kilichoungua ni kichungu kuliko sukari. Kwa hiyo kile ulichokionja ni viungo vilivyogeuka majivu juu ya nyama ambayo ndani haijapata hata joto la kutosha kugeuka rangi.

Hapa ndipo unga wa chupa unapowapoteza watu wengi, kwa kuwaaminisha kwamba jerk ni mchanganyiko wa viungo basi. Kule Jamaika jerk ni namna ya kuivisha nyama kabla ya kuwa ladha. Waingereza walipoinyang'anya Uhispania kisiwa hicho mwaka 1655, watumwa wengi wa Kiafrika walitorokea milimani na kuungana na waliokwisha kujificha huko. Hao ndio Maroon, waliopigana na Waingereza hadi ikabidi mikataba ya amani isainiwe kuanzia mwaka 1739. Nguruwe mwitu waliyemwinda huko milimani alipakwa chumvi, pilipili na pimento (kiungo cha punje kavu nitakachokieleza mbele), akakaushwa taratibu kwa moshi juu ya vijiti. Hadi leo pale Boston Bay, parokia ya Portland (sehemu ya utawala, kama wilaya kwetu), utaona nyama imelazwa juu ya fito mbichi za mpimento, makaa yako chini kwa mbali, na juu imefunikwa kwa bati ili moshi usitoroke. Mjini Kingston wauzaji wa barabarani hutumia pipa la mafuta lililopasuliwa katikati, nusu moja jiko, nusu nyingine mfuniko. Moto wa jerk una umbali na una mfuniko. Wako haukuwa na kimojawapo.

Jiko dogo la udongo la mkaa ni jembamba mno kwa kazi hii ukiliacha kama lilivyo, kwa sababu hakuna pembe ambayo nyama inaweza kuukwepa moto. Ukiwa na jiko la nusu pipa kama la wachoma nyama, kazi imekwisha: sogeza makaa yote upande mmoja, nyama iwe upande wa pili usio na kaa hata moja chini yake, ngozi ikitazama juu, kisha funika. Ukiweka kiganja juu ya wavu pale nyama itakapokaa, umbali wa kama sentimita 10, uweze kuvumilia sekunde sita au saba. Ukitoa mkono kwa sekunde tatu, moto bado ni mkali, ngoja au punguza. Mapaja yataiva kwa saa moja hadi saa moja na robo. Kila baada ya dakika ishirini ongeza makaa machache yaliyokwisha kuwaka, usitie mkaa mbichi, kwani moshi wake wa mwanzo ni mzito na una ladha mbaya. Mfuniko ukikosekana, tumia sufuria pana iliyopinduliwa. Bati la mabati lililopakwa zinki lisiwe karibu na moto wa nyumbani, tuwaachie wenye nafasi kubwa na uzoefu wao.

Kama jiko ni lile lile dogo, palia. Chukua sufuria nzito na pana, weka ndani wavu mdogo wa chuma ili kuku asiguse chini, funika, tia makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko, kama unavyopalia pilau au keki. Ulichokipata ni oveni. Ikifika dakika ya 55 fungua uangalie. Akiwa ameiva, mhamishie kwenye wavu juu ya makaa yaliyofifia, dakika tatu kila upande, ngozi ipate kukauka na kushika rangi. Mwenye oveni ya umeme au gesi aweke nyuzijoto 160 kwa dakika 50 hadi 60, kisha awashe moto wa juu kwa dakika tatu hadi tano huku amesimama pale pale. Hapo mwisho ndipo sukari inapotakiwa kuungua kidogo, kwa kiasi na mbele ya macho yako.

Ile damu karibu na mfupa isikutishe kila mara. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache, mifupa yake bado ina vitundu vidogo, na rangi ya uboho hupenya ikatoka kwenye nyama, hasa kama aligandishwa. Anaweza kuiva kabisa na bado mfupa ukawa na wekundu. Kipimajoto cha nyama ndicho kinachoamua: nyuzijoto 74 sehemu nene bila kugusa mfupa. Hicho ndicho kiwango cha usalama, lakini paja huwa tamu zaidi likifika 80 hadi 85, kwa sababu mishipa na nyuzi zake ngumu hulainika huko. Bila kipimajoto, shika mguu uuzungushe. Kiungo kikilegea na maji yanayotoka pajani yakiwa meupe, ameiva. Kwako wewe, kwa dakika 15 juu ya moto mkali, sina shaka ile ilikuwa ubichi.

Namna ya kumkata pia inasaidia. Vipande vinne ni vikubwa. Mtenganishe paja na mguu, au umpasue mgongoni umtandaze bapa, kisha mchanje: mikato miwili au mitatu kwenye paja hadi mfupani, mmoja kwenye sehemu nene ya kidari. Joto linaingia, na viungo navyo vinapata pa kukaa. Mtoe kwenye friji nusu saa kabla ya kumpeleka motoni.

Kuhusu muda wa kumlaza kwenye viungo: chumvi ndiyo inayosafiri ndani ya nyama, na huchukua saa nyingi. Harufu za pimento, thaimu na kitunguu hubaki karibu na uso hata ukimlaza siku mbili. Kwa hiyo saa 12 hadi 24 ndani ya friji zinatosha, na kuzidisha hakuongezi ladha. Ndimu ikiwa nyingi, baada ya siku moja uso wa nyama unakuwa kama unga ulioloana. Tumia bakuli la kioo au plastiki, si sufuria ya alumini, maana ndimu na siki huila alumini na nyama hupata ladha ya chuma. Umeme ukikatika na joto la Tanga likiwa lile la mwezi wa pili, nyama isikae nje zaidi ya saa moja. Kabla ya kuchoma, kwangua rojo lililozidi juu ya ngozi. Linaonekana kama hasara, lakini ndilo linaloungua kwanza. Lililobaki kwenye bakuli lisipakwe tena juu ya nyama iliyoiva mpaka lichemke dakika kadhaa, kwa kuwa limegusa kuku mbichi.

Sasa kujitengenezea. Kitu kimoja tu kwenye jerk ndicho kigumu kupatikana kwenu: pimento, ambayo kwenye chupa za Uingereza na Marekani huandikwa "allspice". Ni tunda dogo lililokaushwa la mti uitwao Pimenta dioica, na asili yake ni visiwa vya Karibi, Meksiko na Amerika ya Kati. Punje yake ni kubwa kuliko pilipili manga, rangi ya kahawia, haina mikunjo mingi, na ukiitikisa karibu na sikio utasikia mbegu zikicheza ndani. Ukiivunja, inanuka karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, ingawa ni kitu kimoja. Usiichanganye na chupa iliyoandikwa "mixed spice", ule ni mchanganyiko wa kuokea keki. Kama wifi yako anakuja tena, muombe gramu 100 za punje nzima badala ya chupa nyingine ya unga. Punje nzima hukaa mwaka na zaidi bila kupoteza nguvu, na gramu 100 ni kuku kumi na tano hivi.

Akikosekana wa kukuletea, mbadala wako uko karibu mno. Mpimento, mkarafuu, mpera, mzambarau na mkaratusi ni ukoo mmoja wa mimea, na harufu kuu ya pimento hutokana na kemikali iitwayo yujenoli, ile ile iliyojaa kwenye karafuu. Milima ya Usambara Mashariki, huko Amani wilayani Muheza, hutoa karafuu, mdalasini na pilipili manga. Kungumanga ya Unguja inapatikana sokoni. Saga mdalasini vijiko viwili vya chai, kungumanga kimoja, pilipili manga kimoja na karafuu nusu tu. Mapishi mengi yataka karafuu nyingi zaidi ya hapo. Kwa karafuu kavu za zamani za madukani Ulaya huenda wana haki, lakini karafuu mpya ya pwani ina nguvu, na ukizidisha, nyama itanuka kama chumba cha daktari wa meno na ulimi utakufa ganzi. Mchanganyiko huu tumia kwa kipimo kile kile ambacho ungetumia pimento ya unga.

Pilau masala isiguse kabisa. Najua ipo kabatini na ina nusu ya viungo hivi, lakini binzari nyembamba na iliki ndani yake hushika usukani, na utakachokula ni kuku wa pilau aliyechomwa. Ni kitamu, ila si jerk.

Pilipili ya Jamaika ni ile iitwayo Scotch bonnet, na ndugu yake mko naye: pilipili mbuzi ni spishi ile ile, Capsicum chinense, yenye harufu ile ya matunda kabla ya ukali haujafika. Pilipili kichaa ina ukali lakini haina harufu hiyo, itakuchoma bure. Ukali mwingi umo kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, si kwenye mbegu zenyewe. Ukitaka harufu bila moto, kwangua utando wote. Thaimu mbichi ni bora, kavu inafaa. Ikikosekana kabisa, maduka ya viungo ya Wahindi huuza ajwain, mbegu ndogo yenye timoli, kemikali ile ile inayoipa thaimu harufu yake. Ponda nusu kijiko cha chai, usizidishe, ni kali.

Kwa kuku mmoja wa kilo 1.5, rojo lake ni hili:

Pimento punje nzima, kijiko 1 cha chakula (gramu 6), au mbadala wa hapo juu vijiko 3 vya chai
Vitunguu majani miche 6, gramu 100 hivi, sehemu nyeupe na kijani
Kitunguu saumu punje 5
Tangawizi mbichi gramu 20, kipande cha kidole gumba
Pilipili mbuzi 2 kwa wanaoogopa, 4 kwa wasioogopa
Thaimu mbichi vijiti 8, majani tu, au kavu vijiko 2 vya chai
Pilipili manga iliyopondwa, kijiko 1 cha chai
Mdalasini na kungumanga, nusu kijiko cha chai kila kimoja (ukitumia mbadala, hivi usivitie)
Sukari guru iliyokwaruzwa, kijiko 1 cha chakula
Sosi ya soya vijiko 2 vya chakula
Chumvi laini vijiko 2 vya chai (gramu 12)
Maji ya ndimu vijiko 2 vya chakula
Mafuta vijiko 2 vya chakula

Sosi ya soya ina chumvi gramu 5 hivi katika vijiko hivyo viwili, ndiyo maana chumvi imepungua hadi 12. Jumla inarudi kwenye 17 au 18. Jerk ya zamani haikuwa na soya, ila leo wapishi wengi wa Jamaika wanaitia, nami naiona ina faida: inaleta rangi iliyokolea bila kuhitaji sukari nyingi.

Anza na punje za pimento. Zikaange kavu kwenye kikaango, moto mdogo, dakika mbili au tatu, hadi harufu ipande na punje zianze kung'aa. Zikianza kutoa moshi umechelewa. Ziache zipoe, uzitwange kwenye kinu ziwe unga kabla ya kitu kingine chochote. Ukizitupa nzima kwenye blenda pamoja na vitunguu zitazunguka tu, na mtu atakuja kuuma punje nzima. Kisha saga vilivyobaki na mafuta na ndimu, bila maji. Usilainishe mpaka iwe kama sosi ya chupa. Rojo lenye chembechembe hushika ngozi vizuri zaidi. Rojo jepesi hudondoka kwenye makaa na kuwasha miali, na miali ndiyo adui. Lipake kwa mkono, ukianza na kwenye michanjo na chini ya ngozi ya kidari, mwisho juu ya ngozi.

Ukipenda unga badala ya rojo: pimento ya kusaga vijiko 6 vya chai, unga wa kitunguu maji 3, thaimu kavu 3, pilipili manga 2, unga wa kitunguu saumu 2, pilipili kali ya unga 1 au 2, tangawizi ya unga 1, mdalasini 1, kungumanga nusu. Ukitumia mbadala wa pimento, acha mdalasini na kungumanga ya nyongeza. Chumvi na sukari usivichanganye humo. Weka kando, upime siku ya kupika, kwanza kwa sababu utakuwa huru kuongeza viungo bila kuongeza chumvi, tena kwa sababu unyevu wa pwani hugeuza mchanganyiko wenye sukari kuwa jiwe ndani ya wiki mbili. Vijiko vinne vya chakula vya unga huu pamoja na chumvi gramu 18 na mafuta vijiko viwili vinamtosha kuku wako.

Moshi nao usiupuuze, kwani pimento ya Boston Bay haiko kwenye viungo tu, iko pia kwenye kuni. Kata vijiti vya mpera vilivyokauka, unene wa kidole, uweke viwili vitatu juu ya makaa upande usio na nyama. Moshi wake ni mtamu na hauna ukali. Makonyo ya karafuu, kwa anayeyapata kutoka Pemba au Unguja, ndiyo yanayokaribia zaidi: loweka kiasi cha kiganja kimoja nusu saa, uyatupie katika dakika 20 za mwisho. Zaidi ya kiasi hicho yanatawala. Mkaratusi usiutumie, ingawa ni ukoo ule ule. Mafuta yake yanaipa nyama ladha ya dawa ya kikohozi. Mbao za makreti na samani usiziweke kabisa, hujui zilipakwa nini.

Rojo la kienyeji hili linafaa vitu vingine, kwa mabadiliko. Kuku wa kienyeji chemsha kwanza kwa maji kidogo, chumvi na punje chache za pimento, dakika 40 au mpaka uma uingie, umpoze, umpake rojo bila chumvi ya ziada, kisha mchome nusu saa kwenye moto wa kando. Bila kuchemsha utapasua meno. Paja la mbuzi lilazwe siku nzima, lifungwe kwa karatasi ya alumini na kuiva saa tatu hadi nne kwenye nyuzijoto 150, karatasi ifunguliwe nusu saa ya mwisho. Samaki kama changu au kolekole hataki zaidi ya dakika 30 kwenye rojo lenye ndimu, kwani ndimu humpika kabla ya moto, akawa mkavu na wa kumeguka. Kwake punguza pimento na mdalasini kwa nusu.

Pembeni Wajamaika huweka wali uliopikwa kwa tui la nazi na maharage mekundu, kwa hiyo mpishi wa pwani hana la kujifunza isipokuwa jambo moja: wakati wali unakauka, laza juu yake mche wa thaimu, kitunguu jani na pilipili mbuzi moja nzima isiyo na tundu. Harufu inashuka, ukali unabaki ndani ya pilipili. Itoe kabla ya kukoroga. Ikipasuka kwenye sufuria, wali huo ni wa watu wazima tu.

Rojo lililobaki lisikae kabatini. Vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta kwenye joto la kawaida vinaweza kuzalisha sumu ya botulinamu, isiyo na harufu wala rangi. Friji, wiki moja. Zaidi ya hapo ligandishe kwenye trei ya barafu, kila kipande kikiwa kijiko kimoja hivi cha chakula, na ndani ya miezi mitatu bado litakuwa na nguvu. Kwa kuku wako utahitaji takriban vipande kumi na tano. Unga mkavu uweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, mbali na jiko na dirisha, uutumie ndani ya miezi mitatu au minne. Chupa ya rojo uliyoletewa nayo ikishafunguliwa iwe kwenye friji, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu.

Wakati wa kukata pilipili mbuzi vaa glavu, au jipake mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kuanza. Ukali wake hauyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ukimaliza jisugue mafuta tena, upanguse kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni. Na blenda uifungue dirishani, uso ukiwa pembeni.